Mahindi ya Manjano Mlangoni kwa Jirani

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, maana mto ulifurika ukachukua darasa lenyewe. Kwa hiyo maneno ya kitaalamu msiyatafute kwangu. Anayeniletea hayo ni mjukuu wangu wa kwanza. Akija likizo, msichana mrefu mpaka huinama kupita mlango wangu, hukaa kwenye mkeka na kuniambia, "Bibi, redioni wanabishana tena juu ya vyakula vilivyobadilishwa jeni. Hawa wanasema vinadhuru walaji, wale wanasema havina neno. Wewe unasemaje?"

Namjibu, "Mimi nasema ulikuwa tumboni sisi tulipobishana hayo hayo, na nusura ubishi wetu ukuue kwa njaa."

Anacheka. Anadhani bibi yake anapiga porojo. Basi nimeona niliandike kabla sijalisahau, na atakayeona maandishi yangu yamepinda akumbuke kwamba mkono huu ulizoea jembe.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya tisini, mvua ya Elinino. Sisi watu wa mtoni hatuogopi maji kuja. Tunalima kwa sababu maji huja. Mto Tana unapanda, unakaa, unashuka, unatuachia tope jeusi, nasi tunatia mbegu kwenye lile tope bila kuomba ruhusa ya mvua. Lakini maji ya mwaka ule hayakufunzwa adabu. Yaliingia ndani bila hodi yakapanda mpaka kitandani. Mahindi yaliyokuwa shambani yakaenda, mpunga ukaenda, migomba ikalala kama walevi. Barabara za Garsen zikawa ziwa, mabasi ya Malindi na Lamu yakakatika, na sisi tukahamia kwenye mwinuko, vibanda vimebanana, mbu wanatupangia foleni.

Nilitoka na vitu viwili kichwani: mahindi yangu ya mbegu, na sufuria juu yake kama kofia. Mume wangu alitoka na redio. Haikuwa na betri, lakini aliikumbatia kama mtoto.

Hiyo mbegu niieleze. Ni mahindi meupe, mafupi, yamenona. Mama yangu alinipa siku nilipoolewa, naye alipewa na mama yake. Kila mavuno nachagua yaliyo bora, nayafunga pamoja kwa maganda yake, nayaning'iniza juu kwenye uchaga, pale moshi wa jikoni unapopita. Moshi unayafanya meusi kwa nje kama chungu, na mdudu akinusa anageuza njia. Ndani ya maganda punje zinabaki nyeupe kama meno ya mtoto. Mbegu ile hailiwi. Nimewahi kulala njaa chini yake, nikiitazama kama mtu anavyotazama picha ya mama yake, na asubuhi nikaamka nikaiacha ilipo. Mwaka ule nilitoka na mahindi ishirini na mawili. Hicho ndicho kilichobaki cha ukoo wangu wote wa mahindi.

Pamoja nasi alikuwa mkaza mwanangu. Mwanangu alikuwa Malindi kwenye kazi ya mjengo, barabara zimemfungia huko, ameniachia mke wake kama mtu anavyokuachia yai. Msichana yule mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi mitano, na alitembea nayo polepole kana kwamba ardhi ingemsikia.

Siku moja ikaja boti na magunia ya msaada. Kila nyumba nusu gunia. Tukafungua, tukatazamana. Mahindi ya manjano! Manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Sisi sima yetu ni nyeupe, na mtu aliyezoea sima nyeupe ukimwekea ya manjano anadhani umempikia dawa. Mkaza mwanangu, aliyesoma kunizidi, aliligeuza gunia akasoma maandishi yote. Akakuta uzito, na kwamba haliuzwi. Mahindi yenyewe ni ya namna gani, yalitoka wapi, gunia halikusema neno.

Basi akasema jirani yangu badala yake. Huyu alikuwa sauti kubwa ya kwaya yetu kanisani. Akimkaribisha mgeni kwake, watu wa ng'ambo ya mto wanaitika. Alipanda juu ya magunia pale bandarini, akaweka mkono kiunoni.

"Jamani, haya siyo mahindi! Yametengenezwa na watu wa maabara, yamebadilishwa ndani kwa ndani. Hayaoti haya! Zikeni ardhini mtaona. Na kitu kisichoota kikiingia tumboni mwa mwanamke, tumbo nalo litaoteshaje?"

Mwanamume mmoja akauliza, "Na sisi wanaume?"

"Nyinyi ndiyo kabisa! Mtakuwa kama majogoo wa kuchorwa ukutani."

Habari hizo alizipata kwa dereva wa lori aliyekwama pale Garsen, dereva alizipata kwa abiria, na abiria sijui alizipata wapi. Lakini alizisema kama aliyekuwepo. Kisha akamaliza: "Mimi fungu langu nimewatupia mamba. Nao sijui kama watakula."

Mume wangu akanyoosha mkono. "Nipeni mimi. Nimezaa saba, kazi yangu imekwisha."

Watu wakacheka, na wengi jioni ile walipika, maana njaa haina muda wa mikutano. Mimi nilikula. Yalikuwa na utamu kidogo, na yalishibisha. Lakini mkaza mwanangu alifunga mdomo kama mlango wa benki. Akala maembe mabichi kwa chumvi. Akala mchicha wa porini. Kambare akipatikana akala kambare, lakini kambare hapatikani kila siku, na mto ule mchafu ulikuwa umejaa mamba. Akakonda uso, tumbo peke yake likabaki mbele. Mashimo ya shingoni kwake yangeweza kushika maji.

Nikamwambia, "Mwanangu, huyo wa tumboni hali hofu. Anakula sima."

"Mama, nihurumie. Hii ni ya tatu."

"Najua ni ya tatu. Ndiyo maana nasema ule."

"Ningepata meupe, mama, ningekula hata sasa." Akainua macho kwenye uchaga wa kibanda, penye mbegu yangu, mara moja tu, halafu akayashusha haraka, ameona haya. Alijua alichotazama.

Nilitoka nje nikasimama, nikarudi nikiwa na chungu kilichovunjika shingo. Nikakijaza tope la mtoni, nikachukua punje kumi za yale mahindi ya manjano nikazifukia mbele ya macho yake.

"Jirani anasema hayaoti," nikamwambia. "Sisi ni wakulima. Tutauliza udongo. Yakiota utakula?"

Akafikiri. "Yakiota nitakula."

"Yasipoota, nitateremsha mbegu ya mama yangu nikupikie."

Maneno yalinitoka kabla sijayatafuna. Mume wangu aliacha kula, mkono na tonge lake vikabaki njiani. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mimi nikisema nimesema.

Chungu kikakaa mlangoni kwa mkaza mwanangu. Kila asubuhi namwagia maji kidogo, naye anachungulia. Siku ya tatu, kimya. Siku ya tano, kimya. Jirani yangu akapata mchezo. Njia ya kwenda mtoni ilipita mbele ya kibanda chake, na hakuna aliyepita bila kuulizwa. Chungu changu alikiita kaburi.

"Kaburi limeamkaje leo?"

"Limeamka salama, dada. Linakusalimu."

"Mna subira! Mngoje na kiyama basi!"

Mimi maneno kama hayo nayarudisha na nyongeza. Lakini mkaza mwanangu yalimwingia. Akawa anazunguka kuteka maji kwa nyuma, kupitia migomba iliyoanguka, ambako hapiti mtu kwa matope, ili asiulizwe habari za kaburi.

Siku ya nane nilichimbua kwa ukucha. Punje ilikuwa imevimba, laini, inanuka. Nikachimbua ya pili. Vile vile. Mkaza mwanangu alisimama nyuma yangu akaona. Alichukua mtungi wake akaenda mtoni, na jinsi alivyotembea sikupenda kuitazama.

Nikaingia ndani nikapanda juu ya kinu, nikateremsha mbegu. Nikakata kamba, nikavua hindi la kwanza maganda yake meusi. Lilikuwa zuri. Nikaketi, nikaweka ungo mapajani, nikaanza kupukuchua mstari wa kwanza. Mimi si mtu wa kulia. Siku ile ulikuwa ni moshi tu, ingawa moto nilikuwa bado sijauwasha.

Mume wangu akaingia. Akanitazama mimi, akatazama hindi, akatoka akatazama chungu, akarudi akatazama jikoni. Mzee yule alikuwa mpole wa kufikiri, lakini akifika anafika.

"Mke wangu, zile punje kumi ulizitoa wapi?"

"Kwenye yale mahindi ya msaada, wapi tena?"

"Ndani ya gunia, au juu ya bati?"

Nikaacha kupukuchua. Gunia letu lilikuwa limelowa maji kwenye boti siku lilipoletwa. Na mimi kila nafaka iingiayo nyumbani kwangu naipeleka motoni ikaushwe na moshi, ndivyo nilivyofunzwa. Lakini mbegu yangu hukaa juu, ndani ya maganda, moshi unaisalimia tu. Haya yalikuwa uchi, punje tupu, nami niliyamwaga juu ya kipande cha bati hapo hapo juu ya mafiga, moto unawaka chini siku mbili.

"Umepanda bisi, mke wangu," akasema. "Umepanda bisi, na unangoja mavuno."

Nilitaka kumtupia ungo. Halafu nikacheka kwa uchungu, halafu nikaacha kucheka. Maana nitamwambiaje yule msichana? Nimwambie nilikosea, tuanze tena siku nane nyingine? Ataona namdanganya ili ale. Mtu mwenye hofu ukimpa sababu ya pili anaikataa pamoja na ya kwanza. Na siku nane nyingine yule wa tumboni angezipata wapi? Nikashika tena lile hindi.

Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye migomba. "Mama! Mama, njoo!"

Nikajua ni mamba. Nikakimbia, hindi mkononi, kama ninakwenda kumpiga mamba kwa hindi. Mume wangu nyuma na jembe.

Nikamkuta amesimama katikati ya matope, mbali kidogo na njia yake ya kila siku, mtungi ameuweka chini, anaonyesha kwa kidole. Palikuwa na miche ya mahindi. Urefu wa shubiri, kijani kibichi, mmoja hapa, hatua mbele mwingine, hatua mbele mwingine, kama watoto wa shule wamepangwa mstari. Shamba hapakuwa, na aliyepanda hatukumjua. Mkaza mwanangu akainama akang'oa mmoja kwa uangalifu. Kwenye mizizi ganda la punje lilikuwa bado limeshika. La manjano.

"Yameota," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, yameota bila hata kupandwa."

Tukaufuata ule mstari. Nyuma ulitokea kwenye matete karibu na bandari. Mbele ulikwepa njia kuu, ukapita nyuma ya choo cha kanisa, ukafika pahali penye kichaka cha miche ishirini imesongamana, maana hapo aliyebeba alitua mzigo akapumzika. Ukaendelea. Gunia lilikuwa na tundu, panya anajua, na mbebaji hakujua. Mkaza mwanangu akatangulia, mkono mmoja mgongoni, anahesabu kwa kidole kama mtoto. Mche wa mwisho ulikuwa mlangoni kwa jirani yangu, mlango wa jikoni.

Ndani kinu kilikuwa kinalia. Du, du, du.

"Hodi!" nikasema.

Kinu kikanyamaza. "Nani?"

"Mahindi. Tumeletwa na mahindi."

Akatoka. Mikono yake yote miwili ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, unga wa manjano. Nyuma yake jikoni sima ilikuwa imepakuliwa, rangi ya kiini cha yai, na wajukuu wake wawili wamejaza mashavu hata hawawezi kutuamkia.

"Dada," nikamwuliza, "wale mamba wako wanaendeleaje?"

Akatazama chini, akauona ule mche miguuni pake, akafuata kwa macho mche wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mpaka kwenye migomba. Nilimwona akihesabu dhambi zake moja moja.

"Wazima," akasema. Halafu akakaa juu ya kinu chake, unga na yote. "Mwenzangu, ule mkutano wa magunia mdomo ulihudhuria. Tumbo halikualikwa."

"Ulilitoa kwenye matete lini?"

"Jumapili ile, mlipokuwa kwenye ibada."

"Ulituambia una malaria! Tulikuombea!"

"Nilikuwa na homa kweli. Gunia zito lile."

Mkaza mwanangu akaanza kucheka. Tangu maji yalipokuja nilikuwa sijamsikia akicheka. Alishika mhimili wa mlango, akashika tumbo, machozi yanamtoka, na jirani naye akacheka, ile sauti yake ya kwaya, wajukuu wakacheka na sima mdomoni. Halafu msichana akajifuta uso akauliza, na safari hii hakucheka:

"Shangazi, niambie kweli. Ulisema yale ukijua ni uongo?"

Jirani akajipangusa unga mikononi. "Nilisema nikiogopa, mwanangu. Bado naogopa kidogo. Lakini hawa walilia siku mbili, na mimi sina dawa nyingine ya kilio cha njaa. Nimekula nao. Siku ya kwanza nilikesha nikiwasikiliza wanavyopumua. Wakapumua vizuri."

Hilo ndilo lililomfungua, nadhani. Udongo ulikuwa umemjibu, na sasa mtu naye alimjibu bila kujisifu. Akaketi chini, akanyoosha mkono bila kunawa, akamega tonge, akalitazama, akaliweka mdomoni. Akala mpaka sufuria ikalia. Mimi nilisimama mlangoni na furaha na wivu kwa pamoja. Wiki nzima nabembeleza, halafu anakwenda kula kwenye chungu cha mtu aliyemtia hofu!

Mume wangu akanong'ona, "Usiseme kitu." Sikusema. Muulizeni mkaza mwanangu, hiyo ndiyo siku moja sikusema.

Kesho yake tulifanya jambo ambalo mjukuu wangu hulishangaa kuliko yote. Tuling'oa miche yote. Wanawake watatu tumeinama kwenye matope, tunafuata mstari kinyumenyume, tunarushiana maneno. Jirani akalalamika, "Mwayala halafu mwayang'oa, akili gani?" Nikamwambia: kula ni habari nyingine, na mbegu ni habari nyingine. Mahindi yakichanua huoana kwa upepo, hayaulizi wazazi. Chakula nilikipokea kwa sababu tulikuwa na njaa na hakikutudhuru tulivyoona sisi. Lakini nasaba ya mama yangu siwezi kuioza kwa mgeni ambaye gunia lake halikutaka hata kutuambia ni mtoto wa nani. Maji yalipoanza kushuka wiki ile ile, nikapanda mbegu yangu. Na lile hindi nililoanza kulipukuchua nalo nikalipanda, mstari ule uliopungua na mingine yote.

Mpaka leo sijui kama mahindi yale yalikuwa ya maabara, au Mungu mwenyewe ndiye aliyeyapaka manjano. Hakuna aliyetuambia wakati ule, na hatukujua pa kuuliza. Ndiyo maana mjukuu wangu akiniuliza kama yanadhuru, namwambia mimi najua kilichotudhuru siku zile: kutoambiwa. Laiti gunia lingesema, jirani asingepanda juu yake kusema badala yake.

Barabara ilifunguka, mwanangu akashuka na basi la kwanza pale Garsen, akafika nyumbani miguu imejaa tope, akakuta mke wake amenona kama mke wa chifu. Mtoto akazaliwa bila matata. Alilia kwa nguvu mpaka jirani yangu akasema kwaya imepata mtu. Nilimtazama vidole vyote, vya mikono na vya miguu, nikavihesabu mara tatu, kisha nikatoka nje nikapiga vigelegele ambavyo bila shaka watu wa Ozi, kule karibu na bahari, walivisikia.

Mavuno yalipofika, mkaza mwanangu alikuwa ameketi nami barazani tunachagua mbegu, mtoto mgongoni. Akavua hindi moja maganda, akaniletea karibu. Katikati ya punje nyeupe, moja tu, ilikuwa ya manjano. Inang'aa kama jino la dhahabu.

Nikainuka nikatazama kwa jirani. Nyuma ya jiko lake, pembeni ya pipa la maji, palikuwa na bua moja kavu la mahindi. Ule mche wa mlangoni! Aliuhamisha usiku nisimwone.

"Dada wee!" nikapiga kelele. "Mche wangu wa ushahidi uliuficha?"

"Nilimwonea huruma!" akaitika kutoka ndani. "Alikuwa mgeni, na ndiye aliyewaleta kwangu!"

Hindi lile sikuliweka kwenye mbegu. Lakini ile punje niliichomoa kwa ukucha, nikaigeuza juani. Mkaza mwanangu ananitazama, mtoto naye macho wazi begani kwake. Nikaitupa mdomoni nikaitafuna.

"Vipi, mama?" akauliza.

"Tamu," nikamwambia. "Lakini juu ya uchaga wangu haipandi."